Bohdan, kwa herufi h

MASWALI NA MAJIBU: JINA NA ASILI YAKE

Barua za mwezi huu zimetoka Moshi, Usa River na Arusha mjini, na zote zimeangukia pahali pamoja: majina ya wanaume wa Ukraine. Tunaanza na ya mlimani, maana ndiyo iliyokuja na maswali mengi.

*Ndugu mhariri, naongoza wageni kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Katika kundi letu la karibuni alikuwemo kaka mmoja wa Ukraine. Pasipoti yake inasema BOHDAN. Orodha iliyotumwa na wakala imeandika Bogdan. Wenzake wakimwita kula wanasema "Bohdane". Wapagazi nao wakaona tabu ya nini, wakamwita Bwana Boga. Alicheka, lakini mimi sikupenda. Jina lake hasa ni lipi, lina maana gani, na cheti cha kufika kileleni kiandikwe vipi? Mwongozaji, Moshi.*

Jina lake ni Bohdan. Hayo mengine yote mliyoyaona na kuyasikia yana sababu zake, isipokuwa Boga.

Limeungwa kwa vipande viwili. Boh ni Mungu. Dan ni umbo la kutendwa la kitenzi daty, yaani kutoa au kupa. Ukiviunganisha unapata "aliyetolewa na Mungu": mtoto ambaye wazazi wake wanakiri kwamba wamepewa. Wapo Waslavi, watu wa lugha zilizo ndugu na Kiukraine, wanaoitwa Bozhydar, na watu huyachanganya majina haya mawili. Bozhydar ni "zawadi ya Mungu", linataja kitu. Bohdan linataja tendo, na tendo lenyewe limekwisha kutendeka.

Moshi hamhitaji kwenda mbali kumpatia somo. Adeodatus ni jina hilohilo kwa Kilatini, na Mtakatifu Augustino alimwita hivyo mwanawe katika karne ya 4. Deodatus, ambalo ndilo tunalolisikia zaidi na kulikata kuwa Deo, lina utata kidogo kwa sababu Kilatini chake chaweza kusomwa pia "aliyetolewa kwa Mungu". Ile A ya mwanzo ndiyo inayomaliza ubishi. Nathanieli wa Kiebrania ni ndugu yao, na Theodotos wa Kigiriki pia. Huyu Mgiriki ana uzito wa pekee hapa, kwa kuwa Kyiv ilipokea Ukristo kutoka Konstantinopoli mwaka 988, na wanazuoni wengi wanaliona Bohdan kuwa ni Theodotos aliyetafsiriwa kipande kwa kipande.

Ila kipande cha kwanza kina umri mkubwa kuliko ubatizo huo. Kabla ya kumaanisha Mungu, shina lake lilihusu fungu, mgawo, kile mtu anachopata watu wanapogawana. Kiukraine bado kinaonyesha alama zake: bahatyi ni tajiri, mtu mwenye fungu, na ubohyi ni maskini, asiye na fungu. Shina hilohilo limo katika Kisanskriti, bhaga, na katika lugha za Uajemi wa kale, baga. Mji wa Baghdad kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi ni bag na dad, "uliotolewa na Mungu", kwa hiyo ukitazama mifupa yake tu, Baghdad na Bohdan ni jina moja. Na Waajemi kwa shina hilo wakapata bakht, kile mtu alichogawiwa na maisha. Waarabu wakalichukua, na Waswahili wakalipokea kwa Waarabu: bahati. Kwenye msafara wenu akiwemo mpagazi anayeitwa Bahati, basi yeye na mgeni huyo wamebeba shina moja, mmoja kwa njia ya bahari ya Hindi, mwingine kwa njia ya mto Dnipro. Mwambieni mgeni hivyo mkiwa kambi ya Horombo. Ni maneno bora kuliko Boga.

Sasa h na g. Kiukraine huandikwa kwa alfabeti ya Kisirili, na herufi Г katika Kiukraine husomwa h. Herufi hiyohiyo katika Kirusi husomwa g. Hapo ndipo wakala aliponaswa: ama aliandika kutoka fomu ya Kirusi, ama alikwisha kuzoea Bogdan wa mataifa mengine. Maana Bogdan si kosa kila mahali. Mserbia, Mbulgaria na Mromania wanaoitwa Bogdan wana g yao halali. Mbelarusi ataandika Bahdan. Kwa Mukraine ni h, na kwake jambo hili si la kuchezea, kwa kuwa majina ya Waukraine yaliandikwa Kirusi kwenye hati kwa muda mrefu: pasipoti za ndani za enzi ya Usovieti katika jamhuri hiyo zilikuwa za lugha mbili. Kiukraine kina g yake pia, herufi Ґ yenye kijipembe juu. Serikali ya Kisovieti iliiondoa katika alfabeti mwaka 1933, ikarudishwa mwaka 1990. Herufi moja ndogo, lakini mjue ina historia kabla hamjamwambia mtu "h au g, si ni yaleyale".

Matamshi. Mdomo wa Kiswahili hukosea jina hili mara tatu. Kwanza hutia irabu katikati ya h na d, ikawa Bohodan. Pili huongeza i mwishoni, Bohdani. Tatu huweka mkazo kwenye silabi ya kabla ya mwisho, kama tunavyofanya kwa karibu maneno yetu yote. Mkazo wa Bohdan uko kwenye dan. Fanya hivi: sema "bo", kisha toa h ya kooni yenye mtetemo, kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo, usifungue mdomo kwa irabu, nenda moja kwa moja kwenye "dan" na uikandamize. Ile n ya mwisho ishike kama unaanza kusema "dandia" ukaishia njiani. Ukirudia mara kumi kwenye mwinuko wa kawaida utalipata. Juu ya Kibo usijaribu, pumzi zenyewe za kukopa.

Kuhusu "Bohdane", hilo si jina jingine. Kiukraine kina umbo maalumu la kumwitia mtu. Ukimtaja ni Bohdan, ukimwita ni Bohdane. Ivan huwa Ivane, Petro huwa Petre, Mykola huwa Mykolo, Andrii huwa Andriiu. Ukitaka heshima tanguliza pan, bwana, ambalo nalo hugeuka: "pane Bohdane!" Ukimwita hivyo kwenye chakula cha jioni atageuka haraka kuliko mtu aliyesikia kengele. Usiandike e hiyo popote kwenye karatasi. Rafiki zake huenda wakamwita pia Bodia, Danko au Bohdanko. Hayo ni ya nyumbani na ya marika. Mwachie yeye akuruhusu.

Cheti kifuate pasipoti, na ndani ya pasipoti kifuate ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine. Mstari wa kwanza huanza na P na UKR, kisha jina la ukoo, kisha alama mbili za <<, kisha jina la kwanza. Mtu akiwa Bohdan Shevchenko mtaona SHEVCHENKO<<BOHDAN. Kinachoharibika mara nyingi ni mwongozaji kusoma kutoka kushoto kwenda kulia na kumtunuku cheti Bwana Shevchenko Bohdan, au kunakili orodha ya wakala badala ya pasipoti. Njia salama: siku moja kabla ya usiku wa kileleni, mpe mgeni daftari aandike mwenyewe kwa herufi kubwa, kisha linganisha na pasipoti mkiwa bado na mwanga. Herufi kubwa zina faida yake. Yupo Mukraine anayeitwa Illia, yaani Eliya. Kwa herufi ndogo jina hilo huonekana kama vijiti vitatu vilivyosimama foleni, na anayeandika cheti langoni hataweza kujua ni I ngapi na L ngapi.

Na msikate i mnayodhani imezidi. Serikali ya Ukraine ilipitisha tarehe 27 Januari 2010 jedwali la kuandika Kiukraine kwa herufi za Kilatini, na kwa jedwali hilo jina ambalo mwenyewe huenda analiandika Andriy kwenye simu yake, kwenye pasipoti ni ANDRII. Vivyo hivyo SERHII, YURII, OLEKSII, HRYHORII. Herufi ya Kisirili Й ikianza neno huandikwa Y. Herufi hiyohiyo ikiwa katikati au mwishoni huwa i. Alama ya kulainisha sauti haiandikwi kabisa, ndiyo maana Vasyl huishia na l kavu. Kibali cha hifadhi kikisema Andriy na pasipoti ikisema ANDRII, mtu ni mmoja, sahihisheni kibali.

*Mhariri, mume wangu ni Mukraine na tunatarajia mtoto wa kiume. Baba mkwe wangu anataka mjukuu aitwe Bohdan, kama babu yake. Baba yangu, Mmeru na mzee wa usharika, anauliza jina hilo lina maana gani na kama ni la Kikristo. Yeye angependa Elibariki, jina la marehemu kaka yake. Mume anasema mtoto atakuwa pia na jina la "po batkovi", nami sijui liandikwe wapi. Mume anaitwa Ivan, baba yake Petro, ukoo ni Koval. Tuandikishe vipi ili asije akasumbuka ukubwani? Mama mtarajiwa, Usa River.*

Hongera, mama, na umpe mzee shikamoo yetu. Mwambie kwanza kwamba Elibariki na Bohdan zimejengwa kwa ufundi mmoja. Eli ni "Mungu wangu" wa Kiebrania, kikaunganishwa na kitenzi: bariki, rehema, furaha, na hayo mengine yanayojaza madaftari ya usharika kuanzia Poli hadi Machame. Boh ni Mungu, kikaunganishwa na "aliyetolewa". Kama Elibariki ni jina la Kikristo, na Bohdan ni hivyohivyo.

Mzee akiuliza kama kuna mtakatifu wa jina hilo, hapo ana hoja, na hoja yake ni ya zamani. Makasisi wa Ukraine walizoea kubatiza kwa majina ya kalenda ya watakatifu, na Bohdan, pamoja na maana yake nzuri, lilihesabiwa kuwa jina la nyumbani. Hivyo mtu alikuwa na mawili. Bohdan maarufu kuliko wote, Hetmani (yaani mkuu wa jeshi) Bohdan Khmelnytsky, aliyezaliwa karibu mwaka 1595, akaongoza uasi wa Wakozaki, wapiganaji wa nyika za Ukraine, dhidi ya utawala wa Poland kuanzia 1648 na kufariki 1657, alibatizwa Zynovii. Wakuu wa Kyiv waliomtangulia walikuwa vilevile: Volodymyr, aliyewaingiza watu wake katika Ukristo mwaka 988, kwa ubatizo ni Vasyl, ambaye kwetu ni Basili, mwanawe Yaroslav, aliyefariki 1054, ni Heorhii, yaani Georgi. Sisi wenye jina la ukoo na jina la ubatizo hatuna la kushangaa hapa. Jina la Khmelnytsky, tuseme na hili, Waukraine wengi hulitaja kwa fahari na Wayahudi hulitaja kwa uchungu, kwa sababu ya mauaji makubwa ya Wayahudi katika uasi huo. Hilo linamhusu yeye. Bohdan kama jina lilikuwepo kabla yake na watu hawalitoi kwa ajili yake tu.

Po batkovi maana yake ni "kwa baba", na Kiswahili kina neno lake: ubini. Tena ukifikiri kwa bin na binti utalielewa bila mwalimu. Mwana wa Ivan ni Ivanovych, sawa na bin Ivan. Binti wa Ivan ni Ivanivna. Mume wako ni Ivan Petrovych. Mwanao atakuwa Bohdan Ivanovych Koval. Si majina yote yanayofuata njia iliyonyooka: mwana wa Andrii ni Andriiovych, wa Mykola ni Mykolaiovych, wa Yakiv ni Yakovych, na wa Luka, Illia na Kuzma ni Lukych, Illich na Kuzmych. Mwalimu wa shule, daktari au mkuu wa ofisi huitwa kwa jina lake na ubini pamoja, bila jina la ukoo: Ivan Petrovych. Ni adabu, kama sisi tusivyomwita mzee kwa jina tupu.

Twende kwenye uandikishaji, ambako ndiko mambo huharibika.

Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania kina desturi yake: jina la mtoto, jina la baba, jina la babu au ukoo. Kwa hiyo ubini tayari tunao, ila hatuuvishi mkia. Andikeni Ivan, msiandike Ivanovych. Mkiandika Ivanovych, kila fomu atakayojaza mtoto, kuanzia shule ya msingi hadi kitambulisho cha taifa, itasema baba yake anaitwa Ivanovych, huku pasipoti ya baba ikisema IVAN, na hapo ndipo mtu mzima wa miaka 20 anatumwa kwa wakili kula kiapo kwamba baba yake ni baba yake. Upande wa Ukraine hawatapungukiwa na kitu. Wao huunda ubini wenyewe kutoka jina la baba. Na usishangae kuutafuta kwenye pasipoti ya mumeo usiuone: pasipoti ya kusafiria haina ubini, kitambulisho chao cha ndani ndicho kinao.

Mkitaka kumpa pia Elibariki, jihadharini na mtego mmoja. Mkiandika Bohdan Elibariki Koval, kila karani wa Tanzania atasoma kwamba baba yake ni Elibariki. Unganisheni kwa kistari: Bohdan-Elibariki Ivan Koval. Kistari hicho si uvumbuzi wetu. Waukraine wenyewe huandika majina pacha hivyo. Sheria yao ya familia inaruhusu mtoto apewe majina ya kwanza yasiyozidi mawili, labda iwe mila ya jamii yake inaruhusu zaidi, kwa hiyo wazee wote wawili wanapata sehemu zao na sheria haijakwaruzwa. Jueni tu kwamba kwenye mistari ya mashine ya pasipoti kistari hugeuka alama ya <, na tiketi za ndege mara nyingi huyagandisha majina mawili kuwa moja refu. Hilo si kosa la hati.

Tahajia iwe Bohdan, kwa h, tangu siku ya kwanza. Anzeni na tangazo la kizazi mnalopewa hospitalini, maana cheti hunakiliwa kutoka humo. Muuguzi akisikia kwa masikio ataandika Bodani. Mpeni karatasi yenye herufi kubwa, na msome tangazo kabla hamjaondoka wodini. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Mkichelewa bado mtasajili, ila kwa ada na vielelezo zaidi. Mkiandika Bogdan hapa, Ukraine wataligeuza Богдан kwa Kisirili bila shida, lakini siku atakapopewa pasipoti ya huko jedwali litamtoa BOHDAN, na mtoto mmoja atakuwa na majina mawili kwa Kilatini. Ukraine inaruhusu kuomba kwa maandishi tahajia ifuate hati iliyokwisha kutolewa, ila kwa nini mwende huko wakati h ni bure?

Ikiwa ni binti, jina ni Bohdana, na ubini wake kwa Kiukraine ni Ivanivna. Ukoo wenu Koval, ambao maana yake ni mhunzi, haubadiliki kwa mwanamke. Tunalisema hili kwa ajili ya wasomaji wengine walioolewa kwenye koo zinazoishia na -skyi: baba ni Kovalskyi, binti ni Kovalska. Cheti cha Tanzania kitampa binti jina la baba lilivyo, hati za Ukraine zitampa -ska, na familia itajikuta ina majina mawili mbele ya dirisha la uhamiaji. Ni heri mkubaliane mapema ni lipi, na mlitumie hilohilo kote. Koo za -enko, kama Shevchenko au Bondarenko, hazina taabu hiyo.

Kuhusu ubatizo: mchungaji hatakuwa na kizuizi. Na kwa wasomaji Wakatoliki wenye swali kama hili, kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za 1983 inataka tu lisitolewe jina lisiloendana na hisia za Kikristo. "Aliyetolewa na Mungu" linapita bila kubisha hodi.

*Je, Volodymyr na Vladimir ni jina moja? Mwalimu wetu anasema maana yake ni "mtawala wa dunia", mwenzangu anasema ni "mtawala wa amani". Mwanafunzi, Njiro, Arusha.*

Ni jina moja lililopita njia mbili, na leo unalikuta kwa marais wawili wanaopigana vita: Volodymyr Zelenskyy wa Ukraine na Vladimir Putin wa Urusi.

Tofauti ya mwanzo ni ya sauti. Pale Waslavi wa kusini waliposema vlad, wa mashariki walisema volod, kwa kuongeza irabu. Kiukraine kimejaa jozi za namna hii: kichwa ni holova, ilhali Wabulgaria husema glava. Volodymyr ndilo umbo la watu wa Kyiv. Vladimir lilikuja kwa lugha ya ibada, ambayo chimbuko lake ni kusini, nalo likakaa Urusi. Mkazo wa Volodymyr uko kwenye dy, na y hiyo ni i nzito inayotamkwa kama ulimi umevutwa nyuma kidogo.

Volod ni kutawala, hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye myr. Mwalimu wako na mwenzako wote wanasoma neno la leo, ambalo kweli lilibeba dunia na amani kwa pamoja. Lakini maandishi ya kale yaliandika kipande hicho kwa irabu nyingine, mĕr, ambayo watafiti wengi huilinganisha na -mar ya majina ya Kijerumani kama Waldemar: mkuu, mwenye sifa. Kwa hiyo asili ni "mkuu katika utawala". Watu baadaye walisikia mir ndani yake, wakalisoma upya kwa amani na dunia, na usomaji huo ndio unaopendwa. Kwenye mtihani andika la mwalimu, halafu mwonyeshe hili baada ya kusahihisha.

*Mhariri, nafundisha kwaya parokiani. Nimesikia majina ya watakatifu wetu yapo Ukraine ila yamegeuka sura. Nitajie machache niyatambue. Mwalimu wa kwaya, Moshi.*

Shikamoo, mwalimu. Petro, Luka na Marko hayakugeuka hata herufi. Ukimwita Petro wa Lviv kwa Kiswahili cha Kibosho ataitika. Pavlo ni Paulo, Yakiv ni Yakobo, Mykhailo ni Mikaeli, Stepan ni Stefano, Danylo ni Danieli, Kyrylo ni Sirili, Klym ni Klementi, Ivan ni Yohana. Hayo unayakisia.

Ya kutazama mara mbili ni yale yaliyopitia Kigiriki chenye sauti ya th, ambayo Waslavi hawakuwa nayo. Sisi tuliibadili kuwa t. Wao mara waliifanya f, mara kh, mara p. Ndiyo maana Teodori wao ni Fedir, Tomaso wao ni Khoma (kh itamkwe kama anavyotamka Khamisi mtu wa Pwani), na Atanasi, ambaye Rombo na Kibosho hawakosekani, kwao ni Panas, A ya mwanzo ikiwa imeanguka njiani. Ignasi naye amekatwa hadi kubaki Hnat. Ukikutana na Hnat usitafute irabu nyingine. Ipo moja tu.

Mykola ni Nikolasi. N ya mwanzo iligeuka m kwa mazoea ya mdomo, na maana yake ya Kigiriki, ushindi na watu, ikabaki ndani bila kuonekana. Kama una Mykola wa kumpongeza siku ya somo wake, zamani ungesubiri tarehe 19 Desemba. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine na Kanisa Katoliki la Kigiriki la huko walihamia kalenda mpya tarehe 1 Septemba 2023, kwa hiyo sasa ni tarehe 6 Desemba, siku moja na Nikolasi wa parokia yako. Wapo bado wanaoshika ile ya zamani, kwa hiyo muulize kwanza kabla kwaya haijaanza kuimba.